Vituo vya daladala Mbeya: banda lipo, benchi lipo, ila mtu mwenye mguu mbovu anapandaje gari?

#1 Mwana Loleza
Wakuu habari za jioni, naenda moja kwa moja.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto umelegea ila anatembea na gongo. Kila Jumanne nampeleka mazoezi hospitali ya Rufaa. Tunakaa Ilomba kwa hiyo tunapandia kituo kimoja hapo barabara kuu. Kituo kina banda, bati jekundu, benchi la chuma, ukipita na gari unasema eeh hapa kuna kituo. Sasa njoo usimame hapo na mama. Banda liko nyuma ya mtaro, mtaro una mifuniko mitatu ya zege, mmoja umekatika katikati nondo zimetokeza nje. Na gari haliji kwenye banda, linasimama mita kama 20 mbele, konda anaruka anapiga bati mjini mjini hao, watu wanakimbia. Mama hakimbii. Tukifika siti zimeisha au imebaki ile ya kukunja pale mlangoni.

Jumanne iliyopita tumeachwa na magari sita. La saba likasimama, ila juu ya lami, sie tuko chini kwenye changarawe, ngazi ya Hiace ikawa imempita goti. Akatanguliza gongo ndani ya gari, akashika kile chuma cha mlango kwa mkono wa kulia, mguu wa kulia ukapanda, wa kushoto ukabaki chini. Hauji. Konda akamnyanyua kwa kumshika kwapani, gari zima linamwangalia. Alikaa akatazama dirishani mpaka tunashuka hajasema neno. Usiku ndo ananiambia mwanangu tutafute hela ya bajaji, daladala basi.

Swali langu: kwa nini kituo kinajengewa bati la kuzuia mvua alafu pale pa kukanyagia wakati wa kupanda hapana mtu anapafikiria? Nani anapanga haya mambo?

#2 Kijana wa Sae
Pole sana kwa mama mkuu. Kwa mtazamo wangu kituo hakina kosa, kosa ni hesabu ya siku. Dereva ana hela ya kupeleka kwa tajiri jioni, mama mwenye gongo anamlia dakika mbili, ndani ya dakika mbili gari la nyuma limeshamchukulia abiria wanne. Jenga kituo cha dhahabu, wataendelea kusimama mbele.

#3 Suka wa Hiace
Mimi ni dereva, njia ya Uyole mjini mwaka wa nane huu. #2 umesema kweli ila nusu. Hesabu ipo sikatai. Ila ngoja niwaambie kinachotokea kwenye kile kituo cha kuchepuka pembeni. Ukiingia ndani, nyuma anaingia mwenzio, mbele bajaji tatu zimepaki zinasubiri watu, yani ushafungiwa. Kutoka kurudi barabarani malori yanashuka mfululizo hakuna wa kukupisha, unakaa dakika tano unaangalia vioo. Ndo maana tunasimama mbele kidogo, pua iko barabarani, ukijaza unaondoka. Na abiria wenyewe wameshajua, nenda kaangalie hapo asubuhi, benchini hamna mtu wote wako kule mbele. Sasa mimi niwafate walipo au nisimame kwenye banda tupu?

Halafu hizo kingo za zege zikiwa kali zinakata tairi ubavuni. Tairi ikikatwa ubavu hazibiki hiyo, ni kutupa. Kwa hiyo dereva mwenye akili anakaa mbali nazo, na ukikaa mbali abiria anashuka kwenye lami kwanza. Mama yako nampa pole kwa moyo wote, namie nina bibi.

#4 Fundi Zege
Nimefurahi #3 kasema la tairi maana watu huwa hawalijui. Ujerumani kuna mji unaitwa Kassel, walitengeneza ukingo maalum wa vituo vya basi, chini umepindwa kama bakuli, tairi ikigusa inateleza kufuata ukingo bila kukatika, dereva anajibana kabisa basi linabaki sentimita chache tu. Umeenea nchi nyingi sasa. Ni zege tu lile, ni umbo la molo, ile kalibu ya kumwagia. Fundi yeyote wa pevingi akipewa molo anamwaga.

Twende kwenye hesabu. Jana nilipima Hiace ya jirani kwa futi, toka ardhini hadi ngazi ya mlango sentimita 38. Ngazi ya nyumba ya kawaida ni 15 mpaka 18. Kwa hiyo mama anaambiwa apande ngazi mbili kwa mpigo, na ukiongeza ule mshuko wa changarawe chini ya lami ndo inafika gotini. Ukinyanyua sakafu ya kituo kwa sentimita 20 juu ya lami, inabaki 18. Ngazi moja ya kawaida, hata mtu wa gongo anaimudu. Huhitaji banda la milioni ngapi sijui, unahitaji jukwaa la zege, urefu wa gari moja na nusu.

Ila sasa jukwaa lazima liwe na rampu ya kulipandia, na hapa mafundi wenzangu ndo tunaharibu. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita 1, nenda mbele sentimita 12. Kwa 20 unahitaji mita 2 na sentimita 40. Mimi nimeona rampu za nusu mita, kiti mwendo kikipanda pale kinapinduka kinyumenyume. Ule ni ukuta umelazwa.

#5 Binti Rungwe
Fundi Zege umepima Hiace ya jirani yeye mwenyewe akiwepo? 😂

Tukirudi kwenye mada, msione ni wazee tu. Mimi nina mtoto wa miezi saba mgongoni, mkono mmoja kiroba cha parachichi mwingine mkoba, nashuka kwenye lile shimo la mfuniko uliovunjika kila siku ya soko. Mvua ikinyesha maji yanafunika, hulioni shimo liko wapi, unakisia kwa kukumbuka. Dada mmoja aliingia mpaka pajani mwezi wa pili, nondo ilimchana. Watu wakaweka tawi la mti kama alama. Tawi lilipokauka wakaweka lingine.

#6 Isyesye Kwetu
Shida ni moja tu, kituo hakina mwenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani ni TARURA, usafi na ushuru ni halmashauri ya jiji, ruti na nauli ni SUMATRA, trafiki ni polisi. Sasa mfuniko wa mtaro ukivunjika unaenda kwa nani? Mimi niliwahi kufatilia kituo cha mtaani kwetu, ofisi ya kwanza wakanituma ya pili, ya pili wakasema andika barua, nikaandika, baada ya wiki tatu naambiwa barua yako tumeipeleka kule ulikotoka. Mtaro uko vilevile.

#7 Wakili wa Soweto
#6 sahihisho dogo, SUMATRA haipo siku nyingi, ni LATRA tangu 2019. Hayo mengine uko sawa.

Na niongeze, tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inazungumzia haki ya kufikia majengo, barabara na huduma bila vikwazo. Mwaka mmoja kabla ya hapo nchi ilikuwa imesharidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo anayeomba jukwaa la zege asiombe kama mtu anayeomba sadaka. Ukienda ofisini taja sheria, lugha inabadilika.

#8 Kijana wa Sae
Sheria unayo wakili, mtaro nao upo. Lugha imebadilika lini?

#9 Fimbo Nyeupe
Salama wakubwa. Mimi sioni tangu nikiwa na miaka 19, simu inanisomea uzi wenu, nimeusikiliza wote mpaka hapo.

Ngoja niwaambie mimi najuaje kama nimefika kituoni. Kituo changu nakijua kwa harufu. Kuna mama anachoma maandazi pembeni ya banda, nikisikia mafuta najua nasimama hapa, fimbo inagusa guu la benchi, basi. Siku yule mama akiumwa au kafiwa mimi napitiliza kituo. Ilishatokea, nikaenda mpaka nikasikia lori liko karibu sana na uso, kumbe nilikuwa nimeshaingia barabarani kwa sababu pale changarawe na lami viko usawa mmoja, hamna ukingo wa kuniambia acha.

Kwa hiyo wale wanaosema kingo ziondolewe kabisa ili kiti mwendo kipite, nawaomba taratibu. Ukingo ndo macho yangu. Ukiuondoa sehemu ya rampu, weka kitu kingine cha kuhisiwa na mguu. Wajapani waliweka zile tofali zenye vinundu mji wa Okayama mwaka 1967, kinundu maana yake simama, mstari maana yake endelea. Sio lazima tununue Japani. Fundi akikwangua zege mistari kabla haijakauka mimi nitaihisi kwa soli.

La pili, kuna watu humu huwa wanataka wapigadebe wafukuzwe. Mimi sina bango. Bango langu ni sauti ya konda. Akinyamaza sijui hilo ni gari la Mbalizi au la Igawilo.

#10 Mwana Loleza
Fimbo Nyeupe asante sana kaka, hilo la ukingo sikuwa nalijua, mimi nilikuwa naona zege lote lisawazishwe tu.

#3 nimekuelewa, ila na wewe nielewe, mama yangu akienda kule mbele anakosimama kila mtu hamna pa kukaa na hamna pa kushika, na akikaa benchini gari halimuoni. Achague lipi?

#11 Miguu Miwili
Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Mtoa mada, kuna kitu kidogo kitakusaidia kabla hata ya zege. Kupanda, mguu mzima unatangulia, mama kafanya sawa. Kushuka ni kinyume, mguu mgonjwa unatangulia chini, mzima unabaki juu unabeba uzito. Na gongo analishika mkono wa upande mzima. Sasa pale mlangoni mkono mzima ni mmoja na una kazi mbili, gongo na chuma. Kwa hiyo wewe pokea gongo, yeye ashike chuma, wewe simama nyuma yake upande wa kushoto, mkono wako kwenye mkanda wa nguo au kiunoni. Kwapani hapana! Bega la mtu wa kiharusi linachomoka kirahisi likivutwa kutoka chini, akishapata maumivu ya bega mazoezi yote yanarudi nyuma. Makonda hawajui hili, na hawajafundishwa na mtu.

Na benchi pia tuseme. Mabenchi mengi ni mabomba mawili ya chuma, yako chini, hayana pa kuegemea wala pa kushika mkono. Mzee akikaa hanyanyuki. Benchi la mzee liwe juu kidogo, usawa wa sentimita 45 au zaidi, na pembeni liwe na mkono wa kujisukumia.

#12 Njombe Baridi
Na chuma hicho mwezi wa sita saa 12 asubuhi mtu anakikaliaje? Huku kwetu Njombe ukikaa benchi la chuma Julai unanyanyuka na ganzi. Mbao jamani, misitu yote hii kuanzia Mufindi hadi Makambako na bado tunakalia mabomba.

#13 Fundi Zege
#12 mbao zinaibwa usiku mmoja tu, zinageuka kuni. Ndo maana wanaweka chuma. Na chuma nacho wanakata.

#14 Kihesa Juu
Kamwene wote! Iringa nasi tuna yetu. Mabasi ya mikoani yamehamia stendi ya Igumbilo, stendi kubwa nzuri, siisemi vibaya. Ila sasa kutoka hapo kuingia mjini kwenye mlima ni daladala au bajaji, na babu anayetoka kijijini Kilolo kuja hospitali anapanda na kushuka mara mbili badala ya moja. Kila kushuka ni mtihani kama wa mama wa mtoa mada. Kwa hiyo mnapopima kituo msipime kimoja, pimeni safari nzima toka mlangoni kwake hadi kitandani kwa daktari. Kituo kimoja kibovu katikati kinaharibu vitatu vizuri.

#15 Mzee wa Mbalizi
Vijana mnasahau kuvuka. Kituo cha kwenda kiko upande huu, cha kurudi kiko ng'ambo, katikati kuna malori ya Tunduma. Sisi huku kwenye mteremko tunajua lori likikata breki linakuwaje, tumezika watu. Sasa mama wa gongo anavukaje?

Kanuni nzuri niliyoiona ni kituo kiwe baada ya kivuko, sio kabla. Gari likisimama kabla ya zebra linaficha mtu anayevuka mbele yake, lori linalolipita halimuoni. Likisimama baada ya zebra, watu wanavukia nyuma ya gari, kila mtu anaonekana. Ni kusogeza mchoro tu mita chache, haigharimu kitu kama bado hawajamwaga lami.

Na huu mradi wa njia nne toka Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29, ndo nafasi yenyewe. Njia zikiwa nne mama atavuka mara mbili, na pale katikati lazima pawe na pa kusimama pana, kiti mwendo kigeuke, sio kijiukingo cha futi moja.

#16 Binti Rungwe
Mzee umenena, nakazia. Na taa! Saa 1 jioni mwezi wa saba giza, kituoni taa pekee ni tochi ya mama wa matunda.

#17 Jiji Safi
Huyo mama wa matunda ndo tatizo lenyewe. Banda limejaa meza, ndoo, jiko, abiria anasimama juani. Kituo ni cha abiria, waondolewe wote ndo tuanze kuongea habari za rampu.

#18 Fimbo Nyeupe
#17 ndugu yangu, huyo unayetaka aondolewe ndiye kituo changu, nimeeleza #9. Na #16 kasema ndo taa yake. Apewe mita zake pembeni, meza isizibe njia, nani kakataa. Ila ukimuondoa, mimi usiku nitamuuliza nani gari gani limefika?

#19 Jiji Safi
Sikuwa nimesoma #9, samahani kaka. Bado nasema ndani ya banda hapana. Pembeni sawa, na jiko la mkaa likae mbali na benchi maana mtoto aliungua mkono nikiona kwa macho.

#20 Mwanjelwa wa Dar
Nipo Dar sa hivi ila nimekulia hapo Mwanjelwa. Mwendokasi walipoanza 2014 ndo nilielewa kituo ni nini. Unapanda rampu, unalipa kabla, gari likija mlango uko usawa na sakafu unaingia kama unaingia sebuleni. Nimeona mtu wa kiti mwendo anaingia mwenyewe bila kushikwa. Mbeya wafanye hivyo hivyo.

#21 Wakili wa Soweto
Mwendokasi ulianza kubeba abiria 2016 mkuu, Kimara Kivukoni na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla kama kilometa 21. Huo mtindo wenyewe Brazil mji wa Curitiba walishakuwa nao 1991, vituo kama bomba la kioo, sakafu usawa na basi. Uko sahihi kwamba unafanya kazi, ila pale sakafu ya kituo na ya gari zilipangwa pamoja na mtu mmoja. Huku kwetu gari la abiria 16 ni la tajiri huyu, kituo ni cha serikali, hawajawahi kukutana mezani.

#22 Suka wa Hiace
Hapo wakili umegonga penyewe. Mimi hakuna siku nimeulizwa kituo kiwe wapi. Nakuta kimechorwa. Kuna kimoja wamekiweka kwenye kona, mimi nikisimama pale lori la nyuma halinioni hadi limenifikia, sasa nani atasimama pale? Banda lina miaka na miaka, mbuzi ndo wanalala.

Na bajaji msizisahau, sijui kwa nini uzi mzima mmezikwepa. Bajaji anasimama mlangoni kwa mtu, sakafu iko chini, mama anakaa moja kwa moja. Ndo maana abiria wazee wote wamehamia huko. Sio nauli tu iliyotuua, ni ile ngazi ya sentimita 38.

#23 Kijana wa Sae
Leo suka kakubali bajaji ina kitu inawazidi, uzi uwekewe alama 😂

#24 Isyesye Kwetu
Bajaji sio jibu lakini. Kwenda na kurudi Rufaa kila Jumanne kwa bajaji ya kukodi, piga mwezi mzima, kwa mtu wa kawaida hiyo hela haipo. Mama anaacha mazoezi. Miguu Miwili atuambie akiacha inakuwaje.

#25 Miguu Miwili
Akiacha mkono unakunjamana unakaza, mguu nao unaanza kuburuzwa. Nawaona kila mwezi, mtu alikuwa anaendelea vizuri ghafla haji. Ukimpigia anasema usafiri. Nilidhani wana maana ya nauli. Nimesoma uzi huu nimegundua sikuwahi kuuliza swali la pili. Kesho kliniki nauliza kila mmoja, unapandaje gari.

#26 Fundi Zege
Mtoa mada ule mfuniko uliovunjika una upana gani? Mtaro wa kawaida ni sentimita 60, mfuniko mmoja ni mfuko nusu wa saruji, nondo za milimita 10 chache, kokoto na mchanga. Mimi nondo za mabaki ninazo. Jukwaa siwezi kujenga pale bila kibali, ile ni hifadhi ya barabara, ila mfuniko mmoja tukimwona mtendaji wa mtaa tukaongea naye vizuri naamini hatakataa.

#27 Wakili wa Soweto
Mwoneni kwa maandishi, mpige picha kabla na baada. Barua nitaandika mimi.

#28 Binti Rungwe
Saruji mfuko nusu natoa. Ile nondo imemchana dada wa watu, itoke.

#29 Kihesa Juu
Jamani mkwangue na ile mistari ya Fimbo Nyeupe juu ya mfuniko, zege ikiwa mbichi haina gharama.

#30 Suka wa Hiace
Mwana Loleza, Jumanne mnatoka saa ngapi? Mimi tripu ya pili napita Ilomba kama saa 2 kasoro. Nitasogea mpaka kwenye banda, tairi nitaiangalia mwenyewe. Konda wangu nimemsomea #11, nimemwambia kwapani marufuku, na siti ya mbele nitaishikilia.

#31 Mwana Loleza
Suka sina la kusema kaka. Mama nimemsomea uzi wote jioni hii, kacheka pale pa Hiace ya jirani. Saa 2 kasoro tutakuwa pale. Ila siti ya mbele Hiace yako ina ngazi urefu gani? Maana ile ya mbele naona kama iko juu kuliko ya mlangoni.

#32 Suka wa Hiace
Kweli iko juu. Basi mstari wa nyuma ya dereva, siti ya pale mlangoni kabisa. Mko upande wa kwenda mjini au mnavuka kwanza?

#33 Mwana Loleza
Tunavuka kwanza.